Haikuwa Mlonge



Leo tunaandika wawili kwa kalamu moja. Sisi ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na tangu utotoni watu wametuita Mkubwa na Mdogo, basi na humu tutajiita hivyo hivyo. Mkubwa ana miaka 43, Mdogo ana 38. Wanaotujua wanajua pia kwamba kwa miaka mingi tulikuwa wanene sote wawili, na kwamba miaka mitatu iliyopita Mkubwa alianza kupungua mbele ya macho ya mtaa mzima. Mlituuliza siri yake. Harusini mlituuliza, msibani mlituuliza, hata kwa muuza nyanya mlituuliza. Na sisi tukawajibu: "Mlonge, shoga. Unga wa mlonge na maji ya ndimu kila asubuhi."

Haikuwa mlonge. Mkubwa alifanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo la chakula. Tuliwadanganya, na uongo wetu nusura umuue mtu. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika. Tunaomba mtusome hadi mwisho kabla ya kutuhukumu.

Nyumba iliyotulea

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kusema "nakupenda". Akikupenda alikusogezea pande la nyama upande wako wa sinia. Ukirudi skuli umepigwa, unapewa chapati ya moto na chai ya maziwa. Ukihitimu chuoni, biriani. Ukiumwa, uji wa pilipili manga. Tulikaa watano kuzunguka sinia moja, na aliyetangulia kuinua mkono aliulizwa: "Vipi, kuna nini? Umekasirika?" Kuinua mkono kabla ya wenzio ilikuwa kama kuondoka katikati ya mazungumzo.

Na unene wenyewe haukuwa aibu. Nyote mnajua mambo ya kwetu visiwani. Bibi harusi anawekwa ndani, anasingwa, analishwa, ili atoke amenawiri. Mwanamke akinenepa baada ya kuolewa, mawifi wanajisifu kwamba kaka yao anajua kutunza. Mkubwa alipojifungua mtoto wa tatu akafika kilo 100, watu walisema mashallah. Hakuna aliyesema, "Dada, umepima sukari?"

Mama alikuwa na sukari na presha. Siku moja kokoto iliingia ndani ya kandambili yake, akatembea nayo kutoka sokoni mpaka nyumbani bila kuisikia, kwa kuwa sukari ilikuwa imeshaua fahamu za nyayo. Kidonda kidogo kikawa kikubwa. Wakamkata mguu chini ya goti. Aliishi mwaka mmoja na miezi miwili baada ya hapo. Siku ya maziko majirani walipika pilau, kama ada, na sisi mabinti zake tulikaa chini tukalia na kula, kula na kulia. Hatukuwa na namna nyingine ya kujituliza. Hakuna aliyetufunza nyingine.

Kilo 128

Mkubwa aligunduliwa na sukari akiwa na miaka 38. Alikuwa na kilo 128 na urefu wa sentimita 158. Daktari alitufundisha hesabu: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanzia 30 kuwa ni unene uliopitiliza, ambao ni maradhi. Mkubwa alipata 51. Mdogo naye akajipima kwa siri chooni na kalamu ya wanja, akapata 40. Akaufuta ule mstari.

Namba hazisemi yote. Hazisemi utingo wa daladala anapokwambia mbele ya abiria, "Mama, wewe lipa viti viwili," na gari zima likacheka. Hazisemi kiti cha plastiki kilichokatika harusini, Mkubwa akaanguka mbele ya wanawake wa upande wa bwana harusi, na yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote ili wenzake wasione haya kwa niaba yake. Usiku ule alilia mpaka alfajiri. Hazisemi usingizi: Mkubwa akikoroma, pumzi inakatika, kimya, kimya, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mdogo alipolala naye chumba kimoja siku za msiba wa Mama, alikaa macho akihesabu vile vimya.

Lililomuuma zaidi lilikuwa sala. Alishindwa kukaa tahiyatu, kisha akashindwa kusujudu bila kukosa pumzi. Akawa anasali kitini. Dini imeruhusu, hilo hatuna shaka nalo, lakini alikuwa akitutazama tunavyoweka paji la uso kwenye msala na macho yanamlenga machozi.

Hapo tuliambiwa jambo ambalo hatukuwahi kulisikia kwenye darsa zote tulizokaa. Mwalimu wetu wa chuo alitukumbusha habari ya Bi Sauda bint Zam'a, mke wa Mtume (S.A.W.), radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa mwanamke mzito wa mwili, mwendo wake taratibu. Katika hija aliomba aondoke Muzdalifa usiku, kabla watu hawajasongamana, na Mtume akamruhusu. Hakuambiwa ajikaze, wala hakuchekwa. Bi Aisha alikuja kusema baadaye kwamba alitamani naye angeomba ruhusa ile. Tulikaa na kisa hicho muda mrefu. Mwanamke mnene alisema waziwazi kwamba mwili wake ni mzito, na akafanyiwa nafasi.

Tulivyojaribu

Watu wengi wanadhani mnene hajawahi kujaribu. Dada zetu, tumejaribu! Tumekunywa chai za kukondesha zikatuendesha tumbo wiki nzima. Tumenunua vidonge mtandaoni vikatupiga moyo mbio. Tumeacha wali, tumeacha mkate, tumekula matango mpaka tukachukia rangi ya kijani. Kuna mwaka Mkubwa alipunguza kilo 19 kwa nguvu zake mwenyewe, na mwaka uliofuata zikarudi 24.

Daktari alitueleza kwa nini. Mwili unaopungua unajiona kama uko kwenye njaa. Unapunguza matumizi yake, na homoni zinazoita chakula zinapanda. Kwa hiyo yule mtu aliyekonda kwa jasho anabaki na njaa kubwa kuliko aliyokuwa nayo mwanzo, siku baada ya siku, na watu wanamwita mlafi. Mkubwa aliposikia hayo alifunika uso kwa mtandio. Miaka yote alidhani ana nafsi dhaifu.

Uamuzi

Ndipo likaja neno operesheni. Daktari alisema inafikiriwa zaidi kwa mtu ambaye hesabu yake imefika 35 na kuendelea, na hata chini ya hapo kidogo kama ana sukari isiyoshikika. Alisema pia kwamba haifai kwa anayetaka nguo ya harusi imkae.

Swali letu la kwanza lilikuwa la dini. Je, huku si kubadilisha maumbile ya Allah? Mwalimu wetu hakujibu papo hapo. Alitaka kwanza tumletee maneno ya daktari. Tulipomletea alisema: ingekuwa kwa ajili ya urembo, angekuwa na maneno mengine, lakini hii ni tiba ya maradhi, na kujitibu tumeamrishwa. Mkubwa akasali istikhara. Mume wake, shemeji yetu, ni mtu wa maneno machache. Alisema tu, "Nataka tuzeeke pamoja."

Pesa zilipatikana kwa taabu. Mkubwa aliuza bangili zake za dhahabu, Mdogo akatoa zamu yake ya upatu, shemeji akakopa kazini. Tukapanda boti kwenda Dar es Salaam. Majirani tuliwaambia tunakwenda kumuuguza mama mdogo. Huo ndio uongo wetu wa kwanza, na tulisingizia kuwa ni sitara.

Kilichofanyika

Tueleze kwa lugha ya jikoni, kwa kuwa sisi wenyewe ndivyo tulivyoelewa. Tumbo la chakula ni kama mfuko. Daktari anapitisha vifaa kwenye matundu madogo, anakata sehemu kubwa ya mfuko ule, karibu asilimia 80, na kuitoa kabisa. Kinachobaki kina umbo la ndizi, na ukijaza hakifiki kikombe cha chai. Sehemu iliyotolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, kwa hiyo mtu anashiba upesi na pia njaa yenyewe inapoa. Hakirudishwi kilichotolewa. Ipo operesheni ya aina nyingine inayogeuza pia njia ya chakula kwenye utumbo, lakini Mkubwa hakufanyiwa hiyo.

Aliingia chumba cha upasuaji asubuhi. Mdogo alibaki kwenye benchi na tasbihi. Tulikuwa tumeshaambiwa hatari zake: damu kuvuja, mshono kuachia, damu kuganda miguuni na kupanda kifuani. Mkubwa alipozinduka, nesi alimsimamisha jioni ile ile atembee, kwa sababu ya hiyo damu ya kuganda. Hatua kumi na mbili mpaka dirishani. Mdogo alizihesabu.

Kijiko

Tuliporudi Unguja ndipo kazi ilipoanza. Wiki mbili za mwanzo vya majimaji tu: maji, supu ya kuku iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta. Kijiko kimoja, unasubiri, kijiko kingine. Glasi ya maji ilimchukua saa nzima. Halafu vyakula vilivyopondwa, mtindi, yai laini, samaki aliyevurugwa. Kisha polepole vyakula laini. Kila mlo unaanza na protini, unatafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni, na hunywi maji pamoja na chakula. Unangoja kama nusu saa.

Sasa sikilizeni la Mdogo. Mdogo ni mpishi. Watu humwita kupika shughuli, na ndiye aliyerithi mkono wa Mama. Kwake yeye, kumtazama dada yake akimaliza vijiko vitatu na kusema "nimeshiba" kulikuwa kama kufungiwa mlango. Alijua kumuuguza mtu kwa kumlisha. Bila kumlisha, afanye nini?

Wiki ya tano alipika mchuzi wa pweza wa nazi, mapishi ya Mama. Akaleta kibakuli kidogo. "Onja tu, kipande kimoja." Mkubwa alijua pweza si chakula cha wiki ya tano. Akala viwili, kwa sababu aliona uso wa mdogo wake. Pweza akakwama. Maumivu ya kifua, mate yanamtoka, anatapika hata maji. Usiku tuko hospitali na dripu, na daktari anatuuliza nani amempa. Tulinyamaza sote. Mmoja alimpa kwa mapenzi, mwingine alikula kwa mapenzi, na mapenzi yale yangeweza kuachanisha mshono.

Tangu siku ile Mdogo alianza kujifunza kumpenda dada yake kwa njia nyingine. Alimkanda miguu. Alimsuka. Alimtoa alfajiri kwenda kutembea viwanja vya Maisara, kwanza dakika tano, halafu kumi. Alimhesabia vidonge vya vitamini. Vilionekana vitu vidogo mno mbele ya sinia la biriani, lakini ndivyo vilivyomponya.

Ramadhani ile

Ramadhani iliingia miezi miwili baada ya operesheni. Daktari alimkataza kufunga, kwani mtu wa kunywa maji kijiko kijiko hawezi kulipa maji ya mchana kutwa kati ya magharibi na daku. Mkubwa alikula mchana chumbani, mlango umefungwa, kama mwizi. Alimwomba hata mwanawe wa mwisho asiseme.

Magharibi alitoka kukaa nasi kwenye futari. Muhogo wa nazi, kaimati, sambusa, tambi. Alikunywa supu kidogo, akala tende nusu, akainua mkono. Watoto wakamuuliza kama tulivyokuwa tukiulizana zamani: "Mama, umekasirika?" Akasimama akaenda chumbani. Tulidhani mwili ndio umefanyiwa operesheni. Kumbe na nafasi yake siniani ilikuwa imekatwa.

Siku zile za Ramadhani alizilipa mwaka uliofuata kwa ruhusa ya daktari, Jumatatu moja, Alhamisi moja, mpaka zikaisha. Alhamdulillah.

Uongo

Mwezi wa nne nywele zilianza kunyonyoka. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba hutokea mwili unapopungua haraka, na kwamba huota tena mtu akipata protini na madini ya chuma ya kutosha. Kuambiwa ni jambo moja, kuona nywele zimejaa kitanani ni jambo jingine. Ngozi ya mikono na tumbo ikalegea. Uso ukasinyaa kabla haujajaa tena.

Na mtaa ukaanza. Wengine walisema ana maradhi ambayo hayatajwi. Wengine walisema mume kamchoka. Walewale waliokuwa wakimcheka kwa kunona sasa walimhurumia kwa kukonda. Siku moja kwenye hitma mwanamke mmoja alimshika mkono, akaupima kwa vidole, akasema kwa sauti, "Jamani, umekuwaje?" Na Mkubwa akajibu kwa haraka, jibu la kwanza lililomjia: "Mlonge, shoga. Mlonge na ndimu."

Mdogo alikuwa pembeni. Akadakia, "Mimi ndiye ninayemsagia." Wanawake wakataka maelezo: kijiko kimoja au viwili, kabla ya chai au baada? Tukayatoa. Tulikuwa na majibu yote.

Kwa nini tulidanganya? Tulijua tukisema operesheni, watasema "kanunua mwili". Watasema kashindwa kufunga mdomo. Watasema dhahabu yote ile ingetolewa sadaka. Tuliona aibu ya kutibiwa kuliko tulivyoona aibu ya kusema uongo.

Miongoni mwa waliosikiliza siku ile alikuwa jirani yetu, mtu mzima, mwenye sukari ya miaka mingi. Akanunua unga wa mlonge. Akaona vidonge vya hospitali havina maana tena, akaviweka kabatini. Baada ya wiki chache wanawe walimkuta kitandani haitiki. Alilazwa siku tisa. Tulipokwenda kumtazama, binti yake alitupokea vizuri, akatwambia, "Mama alikuwa anakunywa ile dawa yenu, sijui kwa nini imemkataa."

Hatukuweza kukaa. Tulishuka ngazi za hospitali tumeshikana mikono, hakuna aliyesema neno.

Alipotoka tulikwenda kwake usiku baada ya isha tukamwambia yote. Operesheni, boti, bangili, mlonge, yote. Tukamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mngeniambia tu, wanangu. Ningewaombea dua." Akatusamehe. Wanawe walichukua muda zaidi, na wana haki. Amekubali tuandike habari hii bila jina lake.

Mlonge ni mboga nzuri, tunaupika mpaka leo na nazi. Hautibu sukari wala haupunguzi kilo 40.

La baina yetu wawili

Tumelipita hili mara tatu katika kuandika, na tumekubaliana libaki. Mkubwa alipofika kilo 86, baada ya mwaka na nusu, sisi wawili tuliacha kutembea pamoja. Hatukugombana. Mdogo alikuwa na sababu kila siku: mguu, mvua, oda za maandazi. Ukweli ni kwamba tulizoea kuwa wanene wawili. Mmoja akichekwa, mwingine alikuwepo. Sasa Mdogo alikuwa anaingia ukumbini peke yake na mwili ule, na watu wanamwambia, "Na wewe lini? Mwenzio keshafanikiwa." Mkubwa naye alianza kuona mikono ya Mdogo siniani, akihesabu matonge, akiogopa kumpoteza kama tulivyompoteza Mama, na woga ule ulitoka mdomoni kama masimango.

Tulipatanishwa na ile safari ya kwa jirani. Mtu ukishaona haya pamoja na ndugu yako, na ukaomba radhi pamoja naye, yaliyobaki ni madogo. Mdogo hajafanya operesheni. Hana sukari, presha yake inapimwa, anatembea, ameacha soda, amepungua kilo sita na anashukuru. Huenda siku moja atafanya, huenda hatafanya. Mkubwa ameacha kuhesabu matonge.

Leo

Mkubwa leo ana kilo 89. Ndiyo, zimerudi tatu kutoka pale alipofika chini kabisa. Daktari anasema kurudi kidogo ni kawaida baada ya mwaka wa pili, na kwamba unene ni maradhi ya kuishi nayo, operesheni ni chombo tu. Kwa hesabu ile ya kilo na urefu bado anahesabiwa mnene. Lakini amepunguziwa dawa za presha, za sukari daktari amezisimamisha huku akimpima kila miezi mitatu kwa sababu inaweza kurudi, na usiku analala kimya kisicho cha kutisha. Anasujudu. Siku ya kwanza alipoweka paji la uso chini tena, alikaa pale mpaka tukadhani ameumwa.

Kwa anayefikiria njia hii, haya ndiyo tuliyolipia bei kuyajua:

Nenda kwa daktari anayejulikana na hospitali yenye wataalamu wa lishe watakaokufuatilia baada ya operesheni. Mwenye kukuuzia operesheni kwa simu, mkimbie.

Vitamini ni za maisha. B12, chuma, kalsiamu, vitamini D, na damu kupimwa mara kwa mara. Ukitapika siku kadhaa mfululizo usingoje nyumbani. Ukosefu wa vitamini B1 unaweza kudhuru fahamu.

Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, mguu kuvimba au pumzi kubana baada ya operesheni: hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Uzazi unaweza kuamka mwili ukipungua. Madaktari hushauri kungoja kati ya miezi 12 na 18 kabla ya kubeba mimba. Zungumza na mumeo mapema.

Usiache dawa zako za sukari au presha kwa neno la shoga yako. Hata likiwa letu.

Na kwa asiyefikiria njia hii, aliye mnene na anayesoma hapa amekaa kwenye ukingo wa kiti kwa kuogopa kisikatike: mwili wako ni amana, na amana hutunzwa, haitukanwi. Pima sukari. Pima presha. Omba kiti cha mbao na usione haya. Bi Sauda aliomba nafasi yake.

Ijumaa iliyopita tulikula pamoja, wajukuu wa Mama wote wamezunguka. Mdogo alipika wali na samaki wa kupaka. Mkubwa ana kisahani chake kidogo pembeni ya sinia, na ndani ya sinia anachota kwa vidole viwili, anatafuna, anazungumza, anatafuna. Watoto walikula haraka kama kawaida yao wakaondoka. Sisi tulibaki. Mdogo akainua mkono, akanawa. Mkubwa bado alikuwa anakula, punje baada ya punje, na mkono wake ndio ulikuwa wa mwisho kutoka siniani.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, amrehemu Mama yetu na mama zenu waliotangulia, na atusamehe ndimi zetu. Amin. Tuombeeni, nasi tunawaombea.